Mpwa Wangu, Winga wa Kushoto

Saltmouth,
Jumapili, 16 Septemba 1962

Dada Edna,

Salamu hizi nazielekeza jikoni moja kwa moja, maana sijui mahali pengine pa kukupata. Mimi mzima. Soseji za damu zimefika. Bi. Treadgold, mwenye nyumba wangu, alikifungua kifurushi kwa bahati mbaya, kama anavyozifungua barua zangu kwa bahati mbaya, akapiga ukelele akidhani nimetumiwa vidole vya mtu. Watu wa huku kusini hawajui chakula.

Msalimie Mama, mwambie ayavae hayo meno mapya, hayakununuliwa yakae kwenye glasi. Msalimie shemeji Walter pamoja na njiwa wake, kwa mpangilio anaoupenda mwenyewe: njiwa kwanza.

Huku tumecheza mechi tisa, tumefungwa sita. Daraja la Nne ni daraja la nne, dada. Chini yake kuna makaburi tu. Lakini Jumamosi nilikutana na winga mmoja, kijana wa miaka ishirini na miwili, nywele zimepakwa mafuta kama kikaango. Dakika ya tano akanipita. Dakika ya sita alikuwa amelala nje ya mstari wa chaki anamwita mama yake. Refa akaniambia, "Haslam, hiyo iwe mara ya mwisho." Nikamjibu, "Kwa huyu, ndiyo." Akaniandika jina. Jina langu analijua kuliko la mkewe.

Miaka kumi na sita nacheza beki wa kulia, timu nne, magoli mawili, na yote mawili nilijifunga. Lakini mawinga wananikumbuka.

Umeniuliza goti. Goti lipo.

Ray hajambo? Bado yuko kiwandani na baba yake? Mwambie asithubutu kuoa kabla mjomba wake hajamkagua huyo binti.

Mdogo wako,
Clifford


Ackersley,
Jumapili, 14 Oktoba 1962

Mdogo wangu Clifford,

Natumaini barua hii utaisoma wewe kabla ya Bi. Treadgold. Kama sivyo: Bi. Treadgold, hujambo mama? Umfulie soksi huyo mtu.

Sisi wazima. Mama aliyavaa meno kanisani kama ulivyoagiza. Kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo akapandisha sauti, meno yakatoka, yakatua mapajani mwa mchungaji. Mchungaji akayarudisha kwenye leso. Mama anasema ndiye mwanamume wa kwanza kumfanyia adabu tangu baba yetu afariki, na baba yetu naye hakuwa akifanya.

Njiwa bora wa Walter alipelekwa Ufaransa kwenye mashindano ya kuruka kurudi nyumbani, akabaki hukohuko. Walter kalia siku mbili. Mimi nililazwa hospitali wiki tatu mwaka juzi sikuona hata unyevu.

Ray hajambo. Anatoka asubuhi, anarudi jioni amechoka, anakula kama askari. Miguu imekaza. Sina zaidi la kusema juu yake, sufuria inaniita.

Goti lipo? Kaburi la baba nalo lipo, Clifford. Nimekuuliza linaendeleaje.

Dada yako,
Edna


Saltmouth,
Jumanne, 18 Desemba 1962

Dada,

Heri ya Krismasi mapema, na afya, na kila kitu. Bi. Treadgold anakusalimu na anasema soksi zinafuliwa kila Jumatatu.

Umesikia? Tulikuwa tumeizunguka redio chumba cha kuvalia, watu wazima kumi na mmoja na kocha, mtangazaji anasoma ratiba ya Kombe. Wakasema Ackersley. Halafu wakasema Saltmouth. Nilimkumbatia kipa wetu, na simpendi. Nyumbani, dada! Tarehe tano Januari, kwenye uwanja uleule nilipopanda ukuta na wewe ukanivuta mguu niteremke. Sisi Daraja la Nne, nyinyi la Pili. Tutakuja kuwapiga mateke mpaka mjione la Tatu.

Sasa nina swali. Kocha amenipa gazeti nimsome winga wenu mpya wa kushoto, huyo nitakayemlinda. Wanamsifu. Ana miaka kumi na tisa, ana kasi, ameanza kucheza Oktoba. Jina limeandikwa R. Pilling.

Huko Ackersley akina Pilling wamejaa kama sungura, si nyumba ya Walter peke yake. Niambie ni Pilling mwingine.

Clifford


Ackersley,
Alhamisi, 27 Desemba 1962

Clifford,

Tumesherehekea, tumeshiba, Mama alikunywa glasi nne za mvinyo wa sheri akamwambia Walter kwamba hakuwahi kumpenda. Walter akasema alijua. Theluji ilianguka jana, njiwa wamejikunja kama mipira ya soksi.

Si Pilling mwingine.

Alisajiliwa Agosti. Sikukuficha kwa kukudharau. Nilikuficha kwa sababu ya ile safari ya Februari mwaka jana, nilipokuja kukutembelea nikakaa nyuma ya goli na mwavuli wangu. Unamkumbuka yule kijana mwekundu wa nywele? Mimi namkumbuka. Ulimpiga, nikasikia mguu wake ukilia kama kijiti kinachovunjika. Watu wakamweka kwenye machela, mama yake akaruka kizuizi na viatu vyake vizuri akakimbia kwenye matope. Nikakutafuta wewe kwa macho. Ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu, unapiga mluzi.

Nilirudi na treni ya jioni. Nilikwambia Mama anaumwa. Mama hakuwa anaumwa.

Huyo ni mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nampenda. Lakini mwanangu simpeleki mbele yake bila neno. Clifford, niapie hutamgusa Ray. Cheza unavyojua, mzuie unavyoweza, lakini mguu wake usiuguse. Niapie kwa maandishi.

Edna


Saltmouth,
Jumatano, 9 Januari 1963

Dada Edna,

Natumai mabomba ya maji hayajapasuka kama ya hapa. Bi. Treadgold anayeyusha theluji kwenye birika, chai ina ladha ya paa la nyumba.

Mechi imeahirishwa, umeshasikia. Wanasema uwanja wenu ni jiwe tupu, refa aliangusha sarafu ikadunda.

Hongera kwa Ray. Nasema kweli. Ningependa kuambiwa na dada yangu kuliko na gazeti la kufungia samaki, lakini hongera.

Kuhusu hilo jingine. Yule mwekundu alinifuata mwenyewe, na mpira ulikuwa katikati yetu. Mluzi napiga nikiwa na hofu, hukuwahi kujua hilo? Na uwanjani, dada, hakuna mjomba wala mpwa. Kuna beki na kuna winga. Kocha hajanipa kazi kumi, kanipa moja, na hiyo kazi inaitwa Pilling. Mimi sina chenga, sina kasi, kichwa changu ni cha kupigia mpira tu. Nikiondoa mateke nabaki na nini? Nabaki na kaptula.

Tuongee mambo mengine. Njiwa hajarudi?

Clifford


Ackersley,
Jumanne, 12 Februari 1963

Clifford,

Wameahirisha mara ya nane. Jana walileta mapipa ya makaa uwanjani kuyeyusha barafu, wakaunguza nusu ya nyasi, na barafu ikabaki palepale. Ray anafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, amevunja dirisha na sanamu moja. Mchungaji anasema ni mtakatifu mdogo tu, si wa kulilia.

Njiwa hajarudi. Hujaapa.

Ray hajui kama nakuandikia haya, angeniua kwa aibu. Ukutani juu ya kitanda chake ana picha moja. Si ya mchezaji wa timu ya taifa. Ni yako, ile ya gazetini ya mwaka wa hamsini na nne, umekaza meno.

Usiniletee habari za kaptula.

Edna


Saltmouth,
Jumatano, 20 Februari 1963

Dada,

Sawa. Naapa kwa kaburi la baba, sitamgusa Ray.

Mwambie Mama aniwekee pai. Nitakuja kula baada ya mechi.

C.


Ackersley,
Jumapili, 10 Machi 1963

Mdogo wangu,

Tulikungoja mpaka pai ikawa kama kofia. Mama alikaa mlangoni na koti. Saa mbili usiku Walter akasema basi la timu yenu lilishaondoka saa kumi na mbili. Mama akaila pai yote yeye mwenyewe kwa hasira, akaumwa tumbo, na mpaka leo anasema wewe ndiye uliyemuumiza.

Kwanza, asante. Nilikuwa jukwaani Jumanne ile, mechi ilipochezwa hatimaye, na mikono yangu kwenye mdomo dakika tisini. Ulitimiza neno lako. Manne kwa bila, na matatu yametoka kwenye mguu wa mwanangu, na mguu wenyewe ninao hapa nyumbani mzima, una vidole vyote.

Lakini sikujua shukrani hii itanigharimu.

Jumatano asubuhi Ray alikwenda kununua maziwa akiwa mrefu kuliko mlango. Akarudi mfupi. Kwenye foleni walimwambia: "Mjomba wako mtu mwema sana. Alikupisha kama bibi harusi." Wengine wanasema ulikuwa unamchekesha, mara ulipige teke bendera, mara umpige kiwiko mwenzako. Na mwishoni ulisimama tu. Dakika ishirini, Clifford, hata mimi niliona. Alipita mbele yako ukamtazama kama mtu anayetazama treni. Gazeti limeandika "Zawadi ya familia."

Sasa amelala. Picha ameishusha ukutani. Jumanne ya tarehe kumi na tisa ni raundi ya nne, kocha amekuja mwenyewe nyumbani, kajikalia kitandani pake kumbembeleza. Ray kasema, "Sijui kama najua mpira. Nimempita mtu aliyejiondoa njiani. Hata Mama angempita." Anataka kurudi kiwandani.

Mimi ndiye niliyekuomba. Nimemfanyia nini mwanangu?

Andika neno lolote.

Edna


Saltmouth,
Ijumaa, 15 Machi 1963

Dada Edna,

Nisamehe pai. Nisamehe na Mama na tumbo lake. Hii barua nitaipeleka posta mwenyewe kwa magongo, Bi. Treadgold asiione.

Nikwambie kwanza yaliyonipata Alhamisi, siku mbili baada ya mechi. Mwenyekiti wa klabu, mtu anayeuza makabati, aliniita ofisini akaniuliza mbele ya kocha: "Haslam, ulituuza kwa ajili ya damu yako?" Nilikaa kimya. Akasema ukimya ni jibu. Nikaona ni sawa. Nikajisemea, afadhali niitwe msaliti kuliko niitwe mzee. Msaliti anaweza kupata timu nyingine.

Ningekaa hivyo hivyo mpaka nife, dada. Lakini umeniandikia kwamba mtoto amelala.

Goti limekwisha tangu Agosti. Kila Jumamosi daktari wa klabu analitoa maji kama anayekamua ng'ombe, halafu ananichoma sindano, napata saa moja na kidogo ya kuwa binadamu. Sikumwambia mtu. Siku ya mechi yenu alinichoma mbili.

Na kiapo nilikivunja dakika ya tisa.

Umesoma vizuri. Mara ya kwanza alinijia na mpira, anatabasamu, mjinga yule, kama tunacheza uani kwenu. Nikaona hata sijui yuko upande gani. Hofu ikanishika, nikamrukia kwa miguu yote miwili. Nilikuwa nautaka mguu wake wa kushoto, dada, na si mpira. Nilipofika hakuwepo. Nikaipiga bendera ya kona. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nifanyeje?

Mara ya pili ilikuwa kabla ya mapumziko. Nilimngojea kwenye chaki na kiwiko. Akainama. Kiwiko kikamkuta Percy, kiungo wetu, meno mawili. Percy hanisemeshi, ingawa hata angetaka asingeweza.

Mara ya tatu alinipiga tobo. Mpira ukapita katikati ya miguu yangu mbele ya watu elfu kumi na nane waliokuwa wakinijua tangu nina kamasi. Nikamkamata jezi nimwangushe. Nikabaki na hewa mkononi.

Mara ya nne, dakika ya sabini, nilimjia kwa nyuma. Hilo ndilo teke langu lenyewe, dada. Ndilo lililompata yule mwekundu. Sijawahi kukosa nalo. Nikajirusha, na goti likapasuka angani kabla sijamfikia. Nikaanguka peke yangu kwenye matope.

Unajua alifanya nini? Aliuacha mpira. Alikuwa amebaki na kipa tu, akauacha mpira utoke nje, akarudi akaniinamia: "Mjomba, umeumia?" Mkono ameunyoosha.

Nikamwambia aende zake, kwa neno ambalo sitaliandika. Kocha wa viungo alikuja mbio, nikamfukuza naye. Nilisimama. Mchezo wetu hauna mtu wa kuingia badala yako, unabaki humo mpaka filimbi. Kwa hiyo dakika ishirini zile ulizoziona nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kama nguo kwenye kamba, nakaza uso, nisionekane nachechemea. Sikumpisha. Sikuweza kuinua mguu.

Ndiyo maana sikuja kula. Ningekaaje meza moja naye, aniongezee viazi?

Mwambie Ray hivi, usibadilishe neno: "Nilitaka kukuvunja mguu mara nne na sikukufikia. Nimewataka wengi na nimewapata wengi. Wewe sikukupata." Kama haamini, aende akaulize meno ya Percy.

Wewe usinisamehe haraka. Nilikuapia, na nilikuwa najua wakati naandika kwamba ikifika hapo nitampiga. Na yule mwekundu, mpira haukuwa katikati yetu. Ulishaondoka.

Mdogo wako,
Clifford


Ackersley,
Jumapili, 28 Aprili 1963

Clifford,

Wiki sita sijakuandikia, na hazikuwa za theluji.

Barua yako niliipokea Jumamosi ile, nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikaiweka chini ya godoro nikaenda kumenya viazi vya watu kumi wakati tuko wanne. Kwa kaburi la baba! Uliniapia kwa kaburi la baba, na mimi nikakushukuru kwa maandishi! Nilitaka kupanda treni nije nikuvunje goti la pili. Jumapili nikamwambia Mama, maana ningepasuka. Mama akafikiri, akasema, "Baba yenu naye alikuwa mwongo, hatashtuka." Halafu akasema, "Msomee mtoto."

Nikamsomea Jumatatu usiku, mechi kesho yake. Alikuwa amegeukia ukuta. Nilipofika kwenye bendera ya kona bega lake likatikisika. Nilipofika kwa Percy akageuka. Nilipomaliza akaniomba karatasi, akasoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya maneno kama alipokuwa darasa la kwanza.

"Mara nne?" akaniuliza.

"Mara nne," nikasema. "Na nikimwona nitamuua."

"Kwa kweli kabisa? Alikuwa anataka kunivunja?"

"Ray, hilo si jambo la kufurahia!"

"Mama," akasema, "hakunifikia!" Akaruka kitandani, akashuka chini na soksi, akala viazi vya watu kumi.

Nilikaa pale na barua yako mkononi, nikalia, na mpaka leo sijui nililia kwa lipi. Mwanangu amepona kwa kuambiwa mjomba wake alitaka kumlemaza. Nyinyi wanaume wa mpira mna kichwa cha namna gani?

Walitufunga mawili kwa moja raundi hiyo, umesoma. Lakini alicheza.

Nimesikia klabu imekuacha. Sikusikia kutoka kwako, bila shaka. Nimesikia pia kwamba wamekupasua goti na utatembea lakini hutakimbia. Pole, mdogo wangu. Nimekaa nikifikiria neno zuri kuliko pole, sikulipata.

Lakini nisikilize. Yule kijana mwekundu ana jina, anaitwa Alan Dyer. Nilimtafuta kupitia mke wa katibu wa klabu yao. Anauza vyombo vya bustani, anachechemea. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Umekiri kwangu na kwa Ray, na sisi hukutuvunja kitu. Ukishamwandikia yeye, na si kabla, upande treni uje. Chumba cha nyuma kitupu. Ray anataka umfundishe beki anatazama wapi kabla hajapiga. Anasema hayupo mwingine anayejua kama wewe, na kwa kweli hayupo.

Jana walicheza hapa na timu fulani ya Midlands, mikoa ya kati. Beki wao ni lijitu, shingo kama gogo. Dakika ya kumi akamchota Ray miguu yote miwili, Ray akaenda angani, akatua kwenye tope na uso. Nilikuwa nimeshasimama na mwavuli, nimeshaweka mguu mmoja juu ya kizuizi, Walter ananivuta koti. Lile lijitu likainama juu yake linamfokea.

Ray akakaa. Akatema tope. Tuko mstari wa mbele, nikamsikia vizuri, na jukwaa zima likamsikia:

"Hilo ndilo teke lako? Kwetu hilo tunaliita salamu."

Edna